Watoto Wetu na Kuku wa Nyumbani

Wazee wetu wamesema: Mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Kifaranga wa siku mbili hupekua ardhi kwa vikucha vyake bila ya mwalimu wala kitabu. Lakini mtoto wa binadamu hakuumbwa hivyo. Yeye hupita mbele ya kuku kila siku tangu alipojifunza kutembea, akafikia umri wa kwenda shule hali hajui yai huwaje likawa kifaranga, wala hajui kwamba kiumbe yule huogopa na kuumia kama aumiavyo yeye. Hayo hana budi kufundishwa, na wa kumfundisha ni sisi wazazi.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga. Katika nchi hii ya Wasukuma mwenye ng'ombe wengi hutajwa mbali, bali kuku, ambaye kwa Kisukuma huitwa ngoko, hapana anayemtaja, ingawa yumo katika kila ua, kwa tajiri na kwa maskini. Naye ndiye mnyama wa kwanza ambaye mtoto aweza kumtunza kwa mikono yake mwenyewe. Kwa ajili hiyo nimeona leo nizungumze nanyi juu yake.

Tuanze na majina, kwani mtoto ajuaye jina la kitu hukitazama kwa makini. Aliyetoka yaini ni kifaranga. Jike akikua, kabla hajaanza kutaga, ni tetea. Akiisha kutaga na kulea ni koo. Dume changa ni pora, na akikomaa ni jogoo. Wako kuku wa kishingo, wasio na manyoya shingoni. Wako kidimu, ambao manyoya yao yamejisokota. Na wako kuchi, warefu wa miguu na shingo. Mwambie mtoto pia kwamba asili ya hawa wote ni kuku wa mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hata leo wangali wakiwika huko porini. Kwa hiyo kuku wetu akiruka jioni kutafuta mti wa kulala, hafanyi ukaidi; akumbuka kwao.

Sasa yai. Koo wa kienyeji aghalabu hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia. Muda wake ni siku 21. Mpe mtoto kazi ya kuzihesabu kwa kutia alama ukutani kila jioni. Katika siku hizo koo hutoka mara chache tu, kula, kunywa na kunya, kisha hurudi mbio mayai yasipoe. Huyageuza kwa mdomo wake mara nyingi kwa siku, ili kilichomo ndani kisigandamane na gamba. Ikifika siku ya saba, ngojeni usiku, mlichukue yai moja taratibu mlimulike kwa tochi. Likiwa na uhai, mtoto ataona mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Likiwa tupu, litakuwa jeupe. Mayai yasiyoanguliwa ndiyo tuyaitayo viza.

Tena mwonye mtoto jambo hili: siku moja au mbili kabla ya kutoka, kifaranga hulia humo humo ndani ya yai, na mama yake humjibu. Juu ya mdomo wake ana kijino kidogo kigumu cha kutobolea gamba, nacho huanguka baada ya siku chache, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Wala mtoto asimsaidie kwa kumbandulia gamba, huenda akamtoa damu. Na kabla ya kutoka, kifaranga huvuta tumboni mwake kile kiini cha manjano kilichobakia, na hicho huwa chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo. Basi riziki yake ilikwisha tayarishwa kabla hajaliona jua. Mtoto akiyaona haya kwa macho yake, hana haja ya hotuba ndefu juu ya hekima ya Muumba.

Akikua kidogo, mfundishe kutazama zaidi. Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza katika mfuko ulio chini ya shingo, kisha husagwa katika firigisi kwa vijiwe alivyomeza. Ndiyo maana akichinjwa twakuta changarawe humo. Kuku ajigaragazaye mavumbini hakuingiwa na wazimu; ndivyo aogavyo, apate kupunguza chawa na utitiri. Na wakimwagiwa mtama hawali ovyo, bali yuko wa kwanza, wa pili, na wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Jambo hili aliliandika mwaka 1922 mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwatazama kuku tangu utotoni mwake. Tusidharau basi mtoto achutamaye uani akitazama kuku, huenda anasoma.

Na dini yetu haikumwacha kuku nyuma. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba tusikiapo jogoo akiwika tumwombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, na amekataza jogoo asitukanwe, kwani huamsha watu kwa sala. Abdallah bin Umar r.a. aliwapita vijana waliomfunga kuku wakimfanya shabaha ya mishale. Walipomwona walitawanyika, naye akasema kwamba Mtume amemlaani atendaye hivyo. Sasa tazameni nyuani kwetu. Watoto wangapi humfukuza kuku kwa mawe na manati mpaka akatweta, na wazazi wamekaa kivulini wanacheka? Hata katika kuchinja tumeamrishwa wema: kisu kinolewe, na mnyama asiteswe. Kijana akifika umri wa kuchinja, afundishwe hayo kabla ya kukabidhiwa kisu.

Wazee wetu wana neno jingine: Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hii ina uchungu, na wengi wetu twaijua kwa kuionja. Mwewe yupo, kicheche yupo, na aliye mbaya kuliko wote ni kideri. Maradhi haya yalitambuliwa mwaka 1926 katika mji wa Newcastle, Uingereza, na katika kisiwa cha Java. Kwetu huingia aghalabu wakati wa kiangazi. Kuku huzubaa, huharisha kijani, hupinda shingo, na katika siku chache banda zima huwa tupu. Dawa ya kumponya hapana, ila chanjo ipo. Ile iitwayo I-2 hustahimili joto kuliko zile za kale; ni tone moja tu katika jicho moja la kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kazi ya kumshika kuku wakati wa chanjo mpe mtoto, ajue kwamba kutegemea Mungu huenda pamoja na kutenda. Baada ya kushika kuku au kusafisha banda, na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Nimekwisha kusema ya kuku. Sasa niseme yangu, ingawa yanitia haya.

Nina mjukuu ambaye alipokuwa na umri wa miaka minane nilimpa kifaranga mmoja wa madoadoa, nikamwambia mbele ya watu: "Huyu ni wako." Mtoto alimlea. Alikuwa akichimbua mchwa kwa ajili yake, na kila magharibi ndiye aliyehesabu kuku wote na kufunga mlango wa banda. Kifaranga akawa tetea, tetea akawa koo, akataga mayai 12, akaangua 9. Kideri hakikumpata, wala mwewe hakumchukua.

Ijumaa moja nikajiwa na wageni ghafula. Kuku wengine walikuwa wametawanyika mashambani, na yule wa madoadoa alikuwa karibu, kwa kuwa alizoea watu. Nikaamuru akamatwe. Mtoto aliporudi kutoka shule aliona manyoya yake jalalani. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Babu, kumbe hakuwa wangu?" Nami nikamjibu jibu letu sisi wakubwa: "Vyote vilivyomo humu ni vya babu yako."

Jioni ile hapana aliyehesabu kuku, wala mlango haukufungwa. Usiku kicheche aliingia akaua wanne. Lakini hasara hiyo haikuniuma kama iliyofuata. Siku ya Jumatatu nilikuwa nikisomesha juu ya amana, nikamwona mjukuu wangu ameinamisha kichwa, anachora kwa kidole juu ya mkeka. Nikakumbuka habari ya mama mmoja katika zama za Mtume s.a.w., aliyemwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini; akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa, angeandikiwa uwongo. Nami nilikuwa nimempa mtoto, kisha nikamnyang'anya. Kuku wa maskini aliyesalimika na mwewe, mwewe wake nilikuwa mimi.

Nilimwita mbele ya mama yake nikamwomba radhi, nikamwambia achague tetea yeyote bandani. Alichagua mmoja wa kishingo ambaye wenzake wote walimdonoa. Hakunishukuru siku hiyo, wala sikumlaumu. Zilipita siku nyingi kabla sijamsikia tena akihesabu kuku wakati wa magharibi.

Tangu hapo, wageni wakija nami nikamtaka kuku wake, humwomba, na akikubali humlipa. Mara moja alinikatalia, nasi tukala ugali kwa dagaa pamoja na mgeni wetu, na Mungu akatia baraka.

Ndugu zangu, mpeni mtoto kuku. Mfundisheni kumlisha, kumlinda, kumchanja na kumhurumia. Lakini mkisema kwamba ni wake, na awe wake kweli. Akitaga, fedha ya mayai ihesabiwe mbele yake. Akifa, mtoto apewe pole kama apewavyo mtu mzima aliyefiwa na ng'ombe. Mtoto akijua kwamba neno la mzazi wake ni kweli katika kuku, atamsadiki katika yaliyo makubwa zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa watoto wetu, na awajaalie wao huruma kwa viumbe vyake. Amin.