Shimo la Mungu na shimo jeusi la Interstellar

Kama umeitazama Interstellar, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2014, kuna sehemu lazima ilikuuma. Cooper na wenzake wanashuka kwenye sayari iliyo jirani na shimo jeusi, wanakaa saa chache tu. Wakirudi chomboni, duniani imeshapita miaka 23. Watoto aliowaacha wadogo sasa ni watu wazima, yeye bado ni yuleyule. Wengi husema, "Ah, filamu bwana!" Kumbe hapo ndipo penye sayansi ya kweli.

Nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915 inasema uvutano hupunguza mwendo wa muda. Ukiwa karibu na kitu kizito, saa yako huenda polepole kuliko ya aliye mbali. Saa haijaharibika. Ni muda wenyewe, pamoja na mapigo ya moyo wako na uzee wako.

Wala huhitaji kwenda angani. Simama Newala, pale Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unapokatika na bonde la Ruvuma kuonekana chini. Saa yako inakwenda haraka kidogo kuliko ya mwenzako aliye bondeni, maana yeye yuko karibu zaidi na kitovu cha dunia. Kwa tofauti ya kimo ya mita 500, mwaka mzima utamtangulia kwa sehemu zisizofika 2 za milioni ya sekunde. Hakuna atakayeota mvi kwanza kwa sababu hiyo, lakini saa za atomiki huipima tofauti hiyo.

Sasa shika simu yako. Saa za setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,000 juu, hutangulia za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisingerekebishwa, ndani ya siku moja ramani ingekosea kwa kilomita kama 10. Bodaboda anayekufuata Newala mjini angekutafuta porini!

Gargantua, shimo jeusi la filamu, lina uzito wa majua milioni 100 na linazunguka kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana saa 1 pale ni miaka 7 huku. Mshauri wa sayansi wa filamu hiyo alikuwa Kip Thorne, aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka 2017.

Na mashimo meusi yapo. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Vipimo vyake vya eksirei vilisaidia kukitambua Cygnus X-1, kimojawapo cha vitu vya kwanza kukubalika kuwa shimo jeusi.

Basi, kusafiri kwenda wakati ujao kunawezekana kisayansi. Kurudi nyuma, kama Cooper anavyomfikia binti yake nyuma ya rafu ya vitabu, ni ubunifu wa filamu: hakuna jaribio lililowahi kurudisha hata sekunde moja. Miaka 23 ikishapita, imepita.