Tairi pana kwa baiskeli ya mlimani: pima ringi kabla ya kununua

Leo tunaenda kwa fundi baiskeli, ila tunaenda na fizikia mkononi.

Kama una baiskeli ya mlimani, hasa hizi za mtumba zenye ringi za inchi 26, bila shaka umeshawaza kuweka tairi pana zaidi. Na bila shaka umeshapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: "Usiweke, baiskeli itakuwa nzito, hutaenda mbio." Wa pili: "Weka lolote tu, mradi limeandikwa 26." Wa kwanza una ukweli nusu. Wa pili unaweza kukumalizia hela, au kukuangusha kwenye mteremko. Twende taratibu.

Kinachokubeba ni upepo

Chukua mtu wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 15. Jumla ni kilo 95. Tuseme gurudumu la nyuma linabeba asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 57. Sasa, mzigo huo haubebwi na mpira wenyewe, unabebwa hasa na upepo uliomo ndani. PSI 30 ni msukumo wa takriban kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 57 kwa 2.1, unapata 27. Yaani sehemu ya tairi inayogusa ardhi ina ukubwa wa sentimita za mraba 27 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya kadi ya benki. Ukijaza hadi PSI 60, eneo hilo linabaki nusu.

Umeona? Upana wa tairi haujaingia kwenye hesabu hata mara moja. Tairi jembamba na tairi pana yakiwa na upepo ule ule yanagusa ardhi kwa eneo linalokaribiana. Kinachobadilika ni umbo: la tairi jembamba ni refu na finyu, la tairi pana ni fupi na limetanuka. Ili kupata hilo eneo refu, tairi jembamba inabidi libonyee zaidi. Na kila mpira unapobonyea na kurudi, sehemu ya nguvu ya miguu yako inapotea kama joto. Kwa hiyo kwa upepo sawa, matairi yakiwa ya aina moja, lile pana ndilo jepesi kuviringika. Wengi hawaamini wakisikia hili mara ya kwanza.

Mbona basi tairi pana halijazwi sana?

Hapa ndipo kiini cha mada. Mkazo kwenye ukuta wa tairi hautegemei upepo peke yake, unategemea upepo mara unene wa tairi. Tairi la milimita 37 lenye PSI 55 linatupa 37 × 55 = 2,035. Tairi la milimita 57 lenye PSI 36 linatupa 57 × 36 = 2,052. Mkazo ni ule ule karibu kabisa! Ukiyabonyeza kwa kidole gumba utasema yamejazwa sawa, kumbe moja lina upepo wa theluthi mbili tu ya mwenzake.

Faida ya upana iko hapo: unakupa ruhusa ya kupunguza upepo bila tairi kulegea. Na upepo ukipungua, tairi linameza jiwe badala ya kulirukia. Kwenye njia ya makorongo, kila mara baiskeli na mwili wako vinaporushwa juu, nguvu iliyofanya hivyo imetoka kwenye mwendo wako. Ndiyo maana kwenye njia mbovu tairi pana lenye upepo wa wastani hulipita jembamba lililojazwa hadi likawa gumu kama mbao. Kwenye lami laini hadithi inageuka: hakuna mawe ya kumeza, na kashata ndefu za tairi la mlimani zinakula nguvu bure. Kama safari zako nyingi ni za lami, ushauri wa kwanza haukukosea sana.

Na hili si jambo la leo. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, kaskazini mwa San Francisco kule Marekani, walikuwa wakiteremka Mount Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Miongoni mwao walikuwa Gary Fisher na Joe Breeze. Baiskeli hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya milima, lakini zilikuwa na tairi nene za inchi 26 kwa 2.125, aina ambayo Schwinn iliiingiza kwenye baiskeli za Marekani mwaka 1933. Mwaka 1976 wakaanzisha mashindano yaliyoitwa Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na ikabidi kujaza mpya baada ya kushuka. Ringi yako ya 26 ni mjukuu wa ringi zile.

Sasa, ringi

Tairi huligusi wewe, linashikwa na ringi. Kinachohesabika ni upana wa ndani, yaani umbali kati ya kuta mbili ambamo tairi hukaa. Baiskeli nyingi za zamani zina milimita 17 hadi 19. Za kisasa mara nyingi zina 25 hadi 30.

Ukiweka tairi pana kwenye ringi nyembamba, linachukua umbo la balbu: juu limetanuka, chini limebanwa shingo. Ukienda moja kwa moja hutaona tatizo. Ukikata kona, mwili wa tairi unalala upande mmoja wakati ringi inaelekea kwingine, na usukani unaanza kuhisi kama wa mlevi. Ukipunguza upepo hali inakuwa mbaya zaidi, na tairi linaweza hata kuchomoka kwenye ringi. Hapo ile ruhusa ya kupunguza upepo, ambayo ndiyo sababu ya kununua tairi pana, imekufa. Ringi pana kupita kiasi nayo ina balaa lake: tairi linakuwa bapa, kashata za pembeni zinatazama vibaya, na ukuta wa ringi unabaki wazi kugongwa na mawe.

Kwa haraka haraka, gawanya upana wa tairi kwa upana wa ndani wa ringi. Jibu likiwa kati ya 1.8 na 2.5, uko salama. Likifika 3, uko ukingoni. Mfano:

- Ringi ya mm 19 na tairi la inchi 2.25 (mm 57): jibu ni 3. Inawezekana, ila usizidishe hapo, na usipunguze sana upepo.
- Ringi ya mm 25 na tairi hilo hilo: 2.3. Vizuri.
- Ringi ya mm 30 na tairi la inchi 2.4 (mm 61): karibu 2. Vizuri sana.
- Tairi la inchi 3 (mm 76): tafuta ringi ya mm 35 hadi 40.

Hayo ni makadirio tu. Mtengenezaji wa tairi au ringi akitaja kipimo chake, fuata chake.

Mtego wa "inchi 26"

Inchi zinadanganya. Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 57-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, vyote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo lazima ifanane na ya ringi, bila mjadala.

Tairi la 26 la mlimani ni 559. Lakini baiskeli nyingi za mjini za Kijapani zina 26 × 1 3/8, na hizo ni 590. Zote zinaitwa "26", ila zimepishana zaidi ya sentimita tatu! Vivyo hivyo, baiskeli kubwa nyeusi za mizigo zenye 28 × 1 1/2 ni 635, wakati "28" nyingine nyingi ni 622, na tairi la mlimani la inchi 29 nalo ni 622 hiyo hiyo. La inchi 27.5 ni 584. Muuzaji akikwambia "litaingia tu, ni la kulivuta kidogo", mwonyeshe namba.

Kisha angalia nafasi. Pima kati ya tairi la sasa na fremu, uma wa mbele, na breki. Baada ya kuweka jipya zibaki walau milimita 6 kila upande, maana ringi huyumba na matope hunata. Gurudumu la mbele likikwama ghafla, unajua nani anatangulia.

Na uzito je?

Ni kweli kwamba uzito ulioko ukingoni mwa gurudumu unahesabika mara mbili wakati wa kuongeza mwendo, kwa sababu unauzungusha na kuusogeza mbele kwa pamoja. Lakini piga hesabu: matairi mapya yakizidi ya zamani kwa gramu 200 kila moja, jumla ni gramu 400, na mara mbili yake ni gramu 800. Kati ya kilo 95, hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye kupanda mlima kwa mwendo ule ule, hata hiyo mara mbili haipo.

Malizia na pampu

Kwa tairi la mm 57 lenye tyubu na mtu wa kilo 70 hadi 80, anza na PSI 35 nyuma na 30 mbele, ukiheshimu kiwango cha chini na cha juu kilichoandikwa ubavuni. Panda njia unayoijua. Punguza PSI 2, jaribu tena. Ukihisi ringi inagonga jiwe, au tairi linalala kwenye kona, rudisha PSI 3 au 4. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, tyubu imebanwa kati ya jiwe na ringi: upepo ni mdogo mno. Tundu moja, mara nyingi ni mbigili tu. Na ukijaza kituo cha mafuta, kuwa makini. Mashine ile ni ya magari, inajaza tairi dogo kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mpangilio ni huu: soma namba ya kipenyo, pima ringi kwa ndani, pima nafasi kwenye fremu, ndipo uchague upana. Kama ringi yako ni ya mm 19, tairi zuri la 2.1 na kipima upepo cha bei ndogo vitakufaa kuliko tairi la 2.6 ambalo ringi haiwezi kulishika.