Mbio za Asubuhi Bujumbura: Mazoezi Yanapoonekana Kama Njama

Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mkaazi wa Bujumbura analijua: kukimbia asubuhi. Tutaeleza jinsi zoezi hilo la kawaida lilivyowahi kuonekana kama njama, kwa nini lilionekana hivyo, na wewe ufanye nini ukisimamishwa barabarani huku huna kosa.

Kwanza, mbio zenyewe. Jumamosi au Jumapili kabla jua halijachomoza, makundi hutoka Kamenge, Ngagara, Buyenzi, Nyakabiga, Musaga na kwingineko. Watu hujipanga safu mbili au tatu. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na miguu inapiga lami kwa pamoja. Wengine huteremka kuelekea ziwani, wengine hupanda milimani. Mchezo huu hauhitaji kiwanja wala ada. Mwenye viatu anavaa, asiye navyo anakimbia na sandali zake. Kijana wa shule, muuza duka, mama aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, wote wamo katika safu moja.

Wengi husema desturi hii ilishika mizizi wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, siku ambazo watu walilazimika kukimbia kuokoa maisha, na aliyekuwa peke yake ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Tukumbuke pia kwamba amri ya kutotembea usiku iliyowekwa mwaka 1972 iliondolewa mwaka 2006 tu. Kwa zaidi ya miaka 30, mtu wa Burundi alijua kwamba usiku si wake. Asubuhi ndiyo iliyokuwa nafasi ya kutoka, kuonana na wenzako na kunyoosha viungo. Isitoshe, kukimbia kumeipa nchi yetu sifa: Vénuste Niyongabo alileta medali ya dhahabu kutoka michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba akaleta ya fedha kutoka Rio mwaka 2016.

Sasa tuje kwenye Machi 2014. Uchaguzi wa 2015 ulikuwa unakaribia, na siasa zilikuwa zimepamba moto. Jumamosi ya tarehe 8 Machi, wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD walikuwa barabarani mjini Bujumbura. Wenyewe walisema wanafanya mazoezi. Polisi walisema hayo ni maandamano yasiyo na kibali. Purukushani ikazuka na kuishia kwenye makao ya chama, ambako askari wawili walizuiliwa ndani, risasi zikafyatuliwa na watu wakajeruhiwa. Kabla mwezi haujaisha, mahakama iliwahukumu watu 21 kifungo cha maisha, na wengine wakapewa miaka kadhaa gerezani.

Mwezi huohuo ilitoka amri iliyogusa jiji zima. Kukimbia kwa makundi barabarani kulipigwa marufuku. Aliyetaka kufanya mazoezi na wenzake alitakiwa aende katika mojawapo ya sehemu tisa zilizotajwa, kama vile bustani na viwanja vya mpira. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wanasiasa wanatumia mbio kama pazia la kuandaa vurugu.

Msikilizaji, usidhani amri hiyo ilitoka kwa watu wasiopenda michezo. Rais wa wakati huo, hayati Pierre Nkurunziza, aliwahi kuwa mwalimu wa michezo na alipenda sana kucheza mpira. Kwa hiyo swali letu ni hili: mbio zilikuwa na nini hata zikatisha?

Jiweke kidogo mahali pa askari wa zamu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijaisha. Anasikia kishindo cha miguu na sauti nyingi zinazoitikiana. Kisha anaona watu hamsini, wengi wao vijana, wenye fulana za rangi moja, wakienda kwa mwendo mmoja. Nyimbo za aina hiyo anazijua, kwani kambini watu hukimbia hivyohivyo. Polisi ya Taifa iliundwa baada ya Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, na ndani yake waliingia pia watu waliotoka katika makundi yaliyopigana. Katika nchi yenye historia kama hiyo, safu ya vijana wanaoimba haimkumbushi kila mtu mazoezi ya mwili. Isitoshe, vijana wa vyama vya siasa, wakiwemo wa chama tawala, nao walikuwa wakikimbia kwa makundi huku wakiimba nyimbo za vyama vyao. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini kuelewa hofu si kuihalalisha. Mtu akimzuilia askari au akimpiga mwenzake, hilo ni kosa, na mwenye kosa ana jina na ana uso. Achunguzwe yeye na ashtakiwe kwa alichofanya. Lakini yule mama wa Kanyosha anayekimbia ili ashushe shinikizo la damu hakumzuilia mtu. Mwanafunzi wa Kinama anayejiandaa kwa mashindano hakupanga vurugu. Amri ilipokataza mbio za makundi barabarani, ilimweka mama huyo na mwanafunzi huyo katika fungu moja na mtuhumiwa. Kosa ni la mtu, si la mchezo.

Jambo hili si la Burundi peke yake. Mwaka 2015 huko Malawi, katika mji wa Blantyre, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikuwa akitembea kwenda kuuza bidhaa zake alfajiri, kama saa kumi. Polisi walimkamata kwa sheria ya zamani ya kikoloni inayohusu wazururaji, ambayo ilimruhusu askari kumkamata mtu kwa sababu tu yupo mahali fulani, saa fulani, na anaonekana hana nia njema. Mchuuzi huyo hakukubali, akaenda mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilisema kifungu hicho kinapingana na katiba. Kisha Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuna wakati jambo la kawaida hutumiwa makusudi kutoa ujumbe wa kisiasa. Mwaka 2011 nchini Uganda, Kizza Besigye na wenzake walitangaza kwamba watatembea kwa miguu kwenda kazini kupinga kupanda kwa bei ya mafuta na chakula. Kutembea kukawa maandamano, na polisi wakawakamata watembea kwa miguu. Hapo ndipo ugumu ulipo: kwa macho tu, huwezi kumtenganisha anayetembea kwa sababu hana nauli na anayetembea kwa sababu anapinga. Tena hata huyo anayepinga kwa amani ana haki yake. Ndiyo maana sheria nzuri haimtaki askari asome moyo wa mtu. Inamtaka atazame kitendo: huyu amefanya nini?

Sheria zetu zinasemaje? Katiba ya Burundi inatambua uhuru wa watu kukutana. Burundi pia imekubali Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa tangu mwaka 1990. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinasema kwamba anayekamatwa aelezwe sababu wakati anapokamatwa, na anayeshtakiwa kwa kosa la jinai afikishwe haraka mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha siku 7 za kushikiliwa polisi, ambazo mwendesha mashtaka anaweza kuziongeza, lakini zisizidi mara mbili ya hizo. Upande mwingine, sheria ya Desemba 2013 kuhusu maandamano na mikutano ya hadhara inataka mamlaka zijulishwe mapema. Mvutano wa Machi 2014 ulizaliwa hapohapo: mazoezi yanaishia wapi, na maandamano yanaanzia wapi?

Basi wewe unayekimbia na wenzako ufanye nini? Kwanza, ulizia utaratibu unaotumika sasa katika mtaa wako, kwa sababu amri hubadilika. Pili, kikundi kiwe na jina na kiongozi anayejulikana. Mkuu wa mtaa aambiwe mnakimbia siku gani, saa ngapi na kwa njia ipi. Tatu, kubalianeni kwamba fulana za vyama na nyimbo za kumtukana mtu hazina nafasi katika mazoezi. Mwenye chama chake akihudumie kwa wakati wake, asiwatie wenzake katika jambo ambalo hawakulichagua. Nne, kila mmoja abebe karangamuntu, hata kama ni katika mfuko mdogo wa kaptula.

Mkisimamishwa, simameni. Usikimbie, maana anayekimbia huongeza shaka hata kama ana haki. Mikono ionekane. Kiongozi mmoja aseme, wengine wanyamaze. Salimia, jitambulishe, kisha uliza kwa adabu: "Afande, tumekosa nini?" Ukichukuliwa, usipigane. Uliza unapelekwa kituo gani, na mwenzako awajulishe jamaa zako mara moja. Usitie saini karatasi ambayo hukuisoma au hukusomewa. Jamaa zako wanaweza kumtafuta wakili, na wanaweza pia kupeleka malalamiko kwa Tume Huru ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNIDH, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2011.

Na wewe afande unayetusikiliza, una kazi ngumu, na usalama wa mtaa ni jambo la sote. Kabla ya kukamata, jiulize maswali matatu. Nimeona kitendo gani? Ni nani hasa aliyekifanya? Je, naweza kupata jibu kwa kuuliza tu? Swali la dakika mbili linaweza kuokoa wiki mbili za mtu asiye na hatia, na linaweza kukuokoa wewe usipoteze imani ya mtaa mzima. Askari akimkamata asiye na kosa, mashahidi wa kesho wanafunga midomo. Siku mwizi wa kweli atakapopita, hakuna atakayekwenda kituoni kutoa habari. Zipo njia za kuzoeana: kikundi kinaweza kuwaalika polisi wa eneo wakimbie nao asubuhi moja. Ni vigumu kumshuku mtu ambaye mmehema pamoja kwenye mlima mmoja.

Sisi majirani nasi tusijitoe. Mara nyingi taarifa ya kwanza inatoka kwetu: "Kuna vijana siwaelewi." Ukipeleka taarifa, sema ulichokiona, usiseme ulichokidhania. "Watu kumi walipita wakiimba" ni habari. "Watu kumi wanapanga vita" ni hukumu, na inaweza kumpeleka mtoto wa mwenzio gerezani.

Tunaufunga mjadala wetu hapa, lakini nyinyi katika vikundi vyenu uendelezeni kwa maswali haya:

1. Katika mtaa wenu, ni shughuli gani za kawaida ambazo watu huzitilia shaka? Shaka hiyo ilianzia wapi?
2. Kama mngekuwa viongozi wa jiji mwaka 2014, mngelindaje usalama bila kuwafungia barabara wasiohusika?
3. Ni nani katika mtaa wenu anaweza kuwakutanisha vijana na polisi kabla tatizo halijatokea?
4. Je, umewahi kumripoti mtu kwa jambo ulilolidhania tu? Ungesema nini leo?