Mwalimu mugonjwa na wasichana wa Portland



Wazazi wengi wanauliza: binti akienda kucheza mupira, masomo yatabaki wapi? Na wasichana wenyewe wanauliza: je, kuna mahali mutu anaweza kufanya yote mawili, bila kuacha moja? Mwezi huu tunataka kuwaeleza habari ya ekipe moja ya wasichana wa universite, kule Marekani, na mashindano yao ya mwaka wa 2002. Ni habari ya kweli. Ndani yake muko mupira na masomo, muko pia ugonjwa, na mwalimu mumoja aliyengojea kombe lake miaka mingi, halafu likakuja wakati nguvu zake zilikuwa karibu kwisha.

NAMNA GANI WANACHEZA

Kwanza tufahamu hivi: Marekani, mashindano makubwa ya vijana hayako kwa klabu tu. Kila universite iko na ekipe yake, na watu wanaipenda kama vile watu wa Lubumbashi wanapenda Mazembe na Lupopo.

Lakini zamani wasichana walikuwa nyuma. Mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ilitoa sheria inayoitwa Title IX. Sheria ile inasema masomo yote yanayopokea feza ya serikali hayana ruhusa ya kumukatalia mutu kitu juu yeye ni mwanamuke. Hata katika michezo. Basi universite zikaanza kufungua ekipe za wasichana, na kuwapa burse ili walipe masomo. Mwaka wa 1982 kombe la kwanza la mupira wa miguu wa wanawake wa universite lilichezwa chini ya shirika la NCAA. Universite ya North Carolina ililichukua, na kisha pale ikachukua makombe mengi sana, moja kwa moja.

Mashindano yanaanza mwisho wa mwezi wa 8 na kuisha mwezi wa 12. Masomo hayasimami. Muchezaji anacheza, mara ingine mbali sana, kisha anaingia darasani kama wenzake. Tena wakati ule muchezaji hakupewa zaidi ya miaka 4 ya kucheza. Kwa hiyo kila mwaka ekipe inapoteza wakubwa na kupokea wadogo. Mwalimu anajenga, kisha anajenga tena.

Kwa kombe la mwisho ekipe 64 zinaitwa. Ukishindwa mara moja, unarudi nyumbani. Yule anayetaka kombe anapashwa kutoka salama katika michezo 6 yenye kufuatana.

KIJANA WA LONDON

Portland ni muji wa jimbo la Oregon, upande wa mangaribi ya Marekani. Universite ya Portland ni universite ndogo ya Wakatoliki. Haikuwa na jina kubwa katika michezo. Mwalimu wake wa mupira aliitwa Clive Charles.

Clive Charles alizaliwa London mwaka wa 1951, katika jamaa kubwa yenye ngozi nyeusi. Ndugu yake mukubwa John alichezea West Ham United, na yeye pia akafuata njia ile ile. Tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka wa 1972, West Ham ilitia uwanjani wachezaji weusi watatu kwa mara moja: Clyde Best, Ade Coker na Clive Charles. Katika ligi kubwa ya Uingereza jambo lile halikuonekana mbele ya siku ile. Siku zile muchezaji mweusi alisikia matusi mengi kutoka kwa watazamaji.

Mwaka wa 1978 akavuka bahari kwenda kuchezea ekipe ya Portland Timbers, na muji ule ukakuwa kwake nyumbani. Mwaka wa 1986 universite ikamupa ekipe ya wavulana. Mwaka wa 1989 ikamuongezea ekipe ya wasichana. Akabeba zote mbili pamoja. Hakusema kama ile ya wasichana ni kazi ndogo ya kupitisha wakati.

Matunda yakaonekana. Wasichana wawili aliowafundisha, Tiffeny Milbrett na Shannon MacMillan, waliingia katika ekipe ya taifa ya Marekani. Mwaka wa 1996, wanawake walipocheza mupira katika michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Marekani ilishinda China 2-1 katika fainali. Goli la kwanza lilikuwa la MacMillan, la pili la Milbrett. Yote mawili yalitoka kwa wanafunzi wa Clive Charles!

Lakini kombe la universite lilimukimbia. Wasichana wake walifika katika ekipe 4 za mwisho mwaka wa 1994, 1995, 1996, 1998, 2000 na 2001. Mara sita! Mwaka wa 1995 walifika hata fainali, na Notre Dame ikawashinda kwa goli moja tu, katika muda wa kuongezwa. Kila mara walirudi Portland mikono mitupu.

Kisha mwaka wa 2000, mwaka ule ule alipoongoza vijana wa Marekani kwenye Olimpiki ya Sydney na kufika nafasi ya 4, akajua ako na kansere ya prostati, ile inayoshika wanaume. Hakuacha kazi. Alifwata matunzo, na alirudi uwanjani.

BINTI WA KANADA

Katika ekipe yake kulikuwa binti mumoja kutoka Kanada, Christine Sinclair, aliyekuwa anasoma biolojia. Alizaliwa mwaka wa 1983. Mwaka ule wa 2002 alikuwa kapiteni wa Kanada katika kombe la dunia la wasichana wasiopita miaka 19, lililochezwa kwao Kanada. Alitia magoli 10, kupita wote.

Tarehe 1 mwezi wa 9, katika muji wa Edmonton, Kanada ilicheza fainali na Marekani. Watu zaidi ya 47,000 walijaa uwanjani. Dakika 90 zikaisha bila goli. Wakaongeza muda. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali: mwenye kutia goli la kwanza katika muda wa kuongezwa, mupira unaisha pale pale, hakuna kurudisha. Marekani ikatia. Yule binti, na magoli yake yote 10, akabaki bila kombe, mbele ya watu wa kwao.

Basi akarudi Portland. Mwalimu mugonjwa alikuwa pale, na masomo yalikuwa yanamungoja.

SIKU YA AUSTIN

Hatutaeleza kila muchezo. Portland haikuwa ekipe isiyoshindwa mwaka ule. Ilipoteza michezo, ikainuka tena. Mwezi wa 12 ilikuwa ndani ya ekipe 4 za mwisho, mara ya saba chini ya mwalimu yule. Kule Austin, katika jimbo la Texas, ikatosha Penn State. Upande mwingine Santa Clara, wenye kombe la mwaka wa 2001, wakatosha North Carolina.

Fainali ilikuwa tarehe 8 mwezi wa 12. Santa Clara na Portland walijuana sana. Zote mbili ni universite za Wakatoliki, na zilicheza katika ligi moja. Hapakuwa siri kati yao.

Sinclair akatia goli. Santa Clara nao walikuwa na lao. Dakika 90 zikaisha: 1-1. Wakaongeza muda, na sheria ilikuwa ile ile ya Edmonton: goli moja, na yote imekwisha.

Munaweza kuwaza moyo wa yule binti? Miezi mitatu na siku chache tu zilikuwa zimepita tangu siku ile ya machozi. Na mwalimu, ambaye alipoteza fainali ya 1995 kwa namna ile ile, alikuwa pale pembeni, akitazama. Kila mutu wa Portland alijua nafasi ingine huenda haitakuja kwake.

Safari hii mupira ulimufikia Sinclair, naye akatia. 2-1. Imekwisha! Universite ya Portland ikapata kombe la taifa la kwanza katika historia yake yote, katika muchezo wowote, na ni wasichana walilileta.

KISHA PALE

Clive Charles alikufa tarehe 26 mwezi wa 8 mwaka wa 2003, akiwa na miaka 51. Ekipe yake ilikuwa karibu kuanza mwaka mupya.

Watu wangeweza kusema: mwalimu amekwenda, kazi imekwisha. Haikukuwa vile. Garrett Smith, aliyekuwa musaidizi wake, akashika ekipe ya wasichana. Mwaka wa 2005 Portland ikachukua kombe tena, ikapiga UCLA 4-0. Mwaka ule peke yake Sinclair alitia magoli 39. Kwa jumla alitia 110 kwa universite, na biolojia yake akaimaliza. Mwaka wa 2021 Kanada ilichukua zahabu ya Olimpiki naye akiwa kapiteni. Alipoaga ekipe ya taifa mwaka wa 2023, alikuwa na magoli 190, mengi kuliko mwanamuke ao mwanamume yeyote mbele yake. Na klabu aliyoichezea hata alipoacha mupira mwaka wa 2024? Portland Thorns, katika muji ule ule wa mwalimu wake. Leo mahali pote pa mupira wa miguu pa universite panabeba jina la Clive Charles.

Hata kwetu tumeona. Mwezi wa 11 mwaka wa 2024, wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la Afrika la klabu za wanawake kule Maroko, walipomushinda AS FAR 1-0. Wengi walipiga vigelegele barabarani. Lakini nyuma ya siku moja ya vigelegele kuko miaka ya mutu fulani aliyewaamini wale wasichana wakati hakuna aliyekuwa anawatazama. Mutu yule anaweza kuwa mwalimu, baba, mama ao kaka. Pengine hatafika kuona kombe, lakini kazi yake itamushinda umri.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Binti wetu akitaka kucheza na kusoma, ni musaada gani anahitaji kwetu: feza, wakati, ao neno la kumutia moyo?

2. Sinclair alifanya nini kisha kushindwa Edmonton? Na sisi tunafanya nini kisha kushindwa?

3. Ni nani alitufundisha kitu, naye hakungoja kuona matunda yake? Je, tulimushukuru?