Taa Nyekundu Inakula Umeme

Wengi wetu tukisha kusikiliza taarifa ya habari hubonyeza rimoti, redio ikanyamaza, tukalala. Lakini ile taa ndogo nyekundu ingali inawaka: mashine haijazimika, inangoja amri. Redio kubwa ya zamani inayokula wati 10 ikingoja hivyo usiku na mchana humaliza uniti 7 na ushee kwa mwezi, nasi tunazilipa. Ulaya, kuanzia 2013, sheria iliteremsha kiasi hicho hadi wati 1 au chini kwa mashine mpya za kawaida. Zetu nyingi ni za mitumba. Tena umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, iliyo kwenye waya ndiyo huungua. Tuzime swichi ya ukutani. Saa yake huenda ikapotea, basi.