Kwaya imepotea sauti? Wewe usipotee!

Vijana wa mjini bwana, hawana dogo! Ukitaka kujua ibada ya Jumapili ilikwendaje, usimwulize mchungaji, wasikilize wao wakishatoka nje. "Kinanda kilikuwa kinakoroma." "Akina mama leo wameimba kila mtu na njia yake." "Mahubiri yale, mshikaji, nimelala mpaka nikaota." "Matangazo nusu saa, yote michango ya bati!" Jumapili inayofuata huyoo, kapanda daladala kwenda kutafuta kanisa lenye mitambo, taa za rangi na waimbaji wanaojua kushika maiki.

Tusidanganyane, malalamiko yana ukweli wake. Acha Barabara ya Bagamoyo, ingia Mbweni kuelekea baharini, au nenda vitongoji vya mbali kule Temeke. Huku pembezoni nyumba huota kabla ya barabara, na kanisa mara nyingi huanza na turubai na viti vya plastiki. Ukuta unasubiri sadaka, bati linasubiri harambee. Umeme ukikatika, maiki inazima katikati ya neno. Mzee wa matangazo hana haraka hata kidogo. Na ukidhani mmemaliza, mnaitwa nje kwenye mnada, kuku mmoja anapigiwa bei kama kiwanja!

Sasa je, ibada ya namna hiyo ina faida gani kwa kijana mwenye mambo yake?

Hata Paulo alisinziliwa

Kwanza, tuache kudhani kwamba zamani mambo yalikuwa safi. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 20. Mtume Paulo mwenyewe, kule Troa, alihubiri mpaka usiku wa manane. Kijana mmoja, Eutiko, aliyekuwa ameketi dirishani, usingizi ukamzidi, akaporomoka kutoka ghorofa ya tatu! Walimwokota wakijua amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, kijana akawa hai. Kisha akapanda tena juu, wakamega mkate, akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Wewe unalalamikia dakika arobaini?

Korintho ndiko kulikuwa na kasheshe kabisa. Walipokutana kula chakula cha Bwana, wengine walikula bila kuwasubiri wenzao. Huyu ana njaa, yule kalewa. Paulo aliwagombeza, lakini hakuwaambia wavunje kanisa. Aliwaambia wangojane.

Nguzo kichwa chini

Kuna Mbweni nyingine ng'ambo ya maji, kule Unguja, ambako katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliwapa makao watumwa waliokombolewa. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, kwenye eneo la soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Askofu Edward Steere.

Ukienda pale leo, wenyeji watakuonyesha nguzo zilizosimikwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimika walivyoona wao. Hazikubomolewa. Watu wanasali mahali ambapo binadamu waliuzwa kama mbuzi, na hakuna anayesema ibada imeharibika kwa sababu ya nguzo.

Siku ya msiba

Hapa ndipo penyewe. Vijana wengi wa Dar ni wapangaji. Katoka Moshi, Songea au Bukoba, ndugu wako mbali. Ukilazwa au ukifiwa, nani atagonga mlango?

Swali la kwanza litakuwa: anasali wapi, yuko jumuiya gani? Maaskofu Katoliki wa kanda hii, katika umoja wao wa AMECEA, waliliona jambo hilo mapema; mwaka 1976 walisisitiza jumuiya ndogondogo, kanisa lianzie sebuleni kwa jirani.

Basi siku hiyo utawaona wale wale akina mama wa kila mtu na njia yake. Wanafika na khanga zao, masufuria makubwa na daftari la rambirambi. Wanaimba mpaka usiku, na bado wanapotea sauti. Lakini safari hii hutacheka, kwa sababu wamekuja kwa ajili yako na wanalijua jina lako. Mwimbaji wa jukwaani uliyemshangilia kule mjini hana habari kama upo duniani.

Halafu, kwenye kanisa lenye kila kitu, wewe unahitajika kukaa tu na kutoa sadaka. Kwenye kanisa la turubai, ukijua kuunganisha waya mbili tayari ni fundi mitambo! Ukijua gitaa kidogo, umepata kwaya. Ukijua hesabu, watoto wa Shule ya Jumapili wanakungoja uwafundishe na hizo pia.

Kasoro si uozo

Tuelewane lakini. Kinanda kibovu ni kasoro. Mhasibu anayekula pesa za ujenzi, mhubiri anayesumbua mabinti, au anayekuambia uache dawa za hospitali, huo ni uozo. Hapo usivumilie. Sema, na ikibidi ondoka.

Na usidhani umati ndiyo salama. Februari 1, 2020, kule Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kwa hiyo unapochagua pa kusali, usipime spika. Uliza: viongozi wanasomewa hesabu? Mgonjwa anatembelewa? Mtu akikosekana wiki tatu, kuna anayeuliza?

Kama majibu ni ndiyo, kaa hapo hapo. Nunua yule kuku wa mnada, jiunge na mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi. Mkipotea sauti mtapotea wote, na mtarudi wote. Na matangazo yakizidi, fumba macho; watajua unasali.

Jumapili njema!