Mhandisi Akikosea, Wenzake Waseme Hadharani

Paa la jengo la maduka la Algo Centre, katika mji mdogo wa Elliot Lake jimboni Ontario, Kanada, lilianza kuvuja mara tu jengo lilipofunguliwa mwaka 1980. Juu ya paa hilo palikuwa na maegesho ya magari. Kila majira ya baridi magari yaliingia na theluji iliyochanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na maji hayo ya chumvi yakapenya hadi kwenye vyuma. Wafanyabiashara walizoea kutega ndoo. Maktaba ya mji, iliyokuwa humo ndani, ilifunika vitabu kwa maturubai. Kwa zaidi ya miaka 30 kutu ilikula kiungo kilichoshika mhimili mmoja kwenye nguzo yake. Juni 23, 2012 kiungo hicho kilikatika, sehemu ya paa ikaporomoka, na wanawake wawili wakapoteza maisha.

Wiki kumi hivi kabla ya siku hiyo, jengo lilikuwa limekaguliwa na ripoti ikasema ni imara. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Paul Bélanger ilifuatilia ripoti hiyo ilivyoandikwa. Aliyekagua alikuwa ameombwa na mmiliki aondoe maelezo na picha zilizoonyesha kwamba paa bado linavuja, naye akaviondoa. Alifanya hivyo baada ya mhandisi mwenzake kuweka saini, bila kumjulisha. Zaidi ya hayo, wakati anapita chini ya mihimili ile hakuwa tena na leseni ya uhandisi, kwa kuwa alikwishaadhibiwa kinidhamu kwa kazi nyingine.

Mwaka 2017 mahakama ilimwona hana hatia ya jinai, na uamuzi huo uheshimiwe. Lakini swali la mahakama ni moja na la taaluma ni jingine. Hakimu anauliza kama kosa la jinai limethibitishwa pasipo shaka. Kamati ya nidhamu inauliza kama umma unaweza kuendelea kuiamini saini ya mtu huyu. Swali hilo la pili hakuna mwenye ujuzi wa kulijibu kuliko wahandisi wenyewe, na ndiyo maana Kanada iliwaachia kazi hiyo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Sheria ya jimbo inaipa jumuiya ya wahandisi mamlaka ya kutoa leseni, kupokea malalamiko, kusikiliza mashauri na kutoa adhabu, kuanzia onyo na faini hadi kusimamishwa au kufutiwa leseni. Ontario kazi hiyo inafanywa na Professional Engineers Ontario, iliyoanzishwa mwaka 1922. Baraza lake lina wahandisi waliochaguliwa na wenzao, pamoja na wajumbe walioteuliwa na serikali. Hayo ni madaraka makubwa, nayo yametolewa kwa sharti moja: maslahi ya umma yatangulie maslahi ya wanachama.

Wakanada walijifunza uzito wa sharti hilo kwa uchungu. Mwaka 1907, mihimili ya chini ya Daraja la Quebec lililokuwa likijengwa ilianza kupinda. Wahandisi waliokuwa pale waliona na kupima, kisha wakaanza kubishana. Mmoja akatumwa New York kwa mhandisi mshauri, ambaye aliagiza kwa simu ya maandishi mzigo usiongezwe. Ujumbe ulikwenda Pennsylvania, kwenye kampuni iliyotengeneza vyuma, haukufika kwenye daraja. Agosti 29 kazi iliendelea hadi jioni, daraja likaanguka na kuua watu 75. Kupinda kulionekana siku kadhaa kabla, ila pale daraja lilipojengwa hakupatikana mtu wa kusema kazi isimame.

Tangu mwaka 1925 wahandisi wengi wa Kanada huapa na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wanaofanyia kazi, ili igusane na karatasi wanapochora na kutia saini. Ni desturi nzuri. Hata hivyo, kiapo bila wenzako wa kukuhoji ni maneno matupu, na jumuiya isiyohoji wanachama wake huishia kuhojiwa yenyewe. Katika jimbo jirani la Quebec, tume ya uchunguzi ya Charbonneau iliweka hadharani ufisadi wa zabuni za ujenzi uliohusisha kampuni za wahandisi. Mwaka 2016 serikali ya jimbo iliiweka jumuiya ya wahandisi chini ya uangalizi wake, na ilichukua hadi mwaka 2019 kurejeshewa mamlaka.

Ontario nako hakukukosekana kusuasua. Tume ya Bélanger ilipotoa ripoti yake mwaka 2014, ilipendekeza taarifa za nidhamu ziwe rahisi kwa mwananchi kuzipata, na ndani ya muda mfupi wahandisi walazimishwe kuendelea kujifunza. Masomo hayo yalikuja kuwa ya lazima mwaka 2023. Miaka tisa baada ya ripoti ni muda mrefu mno kwa mji uliozika watu wake.

Kwetu bodi za wahandisi ziliundwa kwa sheria na zipo karibu zaidi na serikali, lakini somo linatuhusu. Dar es Salaam haijasahau ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 na kuua watu 36, wala lile la Kariakoo Novemba 2024. Kila jengo linapoanguka tunasikia tume, kamatakamata na viongozi kutembelea eneo. Swali la nani alitia saini ramani, na bodi imemchukulia hatua gani, huulizwa kwa siku chache kisha likapoa.

Lisipoe. Mama anayekodi fremu ya duka hana namna ya kupima zege. Anategemea muhuri. Akiambiwa kwa jina ni nani amesimamishwa, kwa kosa gani na hadi lini, atajua wa kumwamini. Mhandisi mwaminifu hapotezi chochote orodha hiyo ikibandikwa; anayepoteza ni yule anayeuza saini yake. Bodi inayomficha huyo kwa jina la heshima ya taaluma inawavunjia heshima wote waliobaki.